Ukinunua Nyumba Ugenini, Chagua Eneo Kwanza

Mara kwa mara hoteli kubwa za Nairobi na Dar es Salaam huwa na maonyesho ya nyumba za Dubai. Katikati ya ukumbi huwekwa mfano wa mtaa mzima chini ya kioo: minara yenye taa ndogondogo madirishani, mitende ya plastiki, mashua nyeupe zimetia nanga kwenye maji ya buluu yasiyo na wimbi. Mgeni hukaribishwa kahawa, hupewa kijitabu cha picha, kisha hukalishwa na kijana mwenye suti anayejua ratiba ya malipo kwa moyo. Maswali ya wateja hufanana. Vyumba vingapi? Malipo ya kwanza kiasi gani? Nikimaliza kulipa napata viza? Ni wachache wanaouliza mtaa huo uko emirati ipi, na sheria ya huko inampa mnunuzi nini hasa.

Swali hilo lina uzito kuliko idadi ya vyumba, na si Dubai peke yake. Mtu anayetaka mali nje ya nchi yake huchagua nchi, halafu huchagua nyumba. Kilicho katikati, yaani mkoa, kaunti, emirati au kisiwa, hukipitia juujuu kwa kuangalia bahari na bei. Mimi naona hapo katikati ndipo ununuzi unapotengemaa au kuharibika. Tofauti zilizomo ndani ya nchi moja mara nyingi ni kubwa kuliko zile zilizopo kati ya nchi na nchi: haki anayopata mgeni, ada atakazotozwa, watu atakaowakuta juu ya ardhi, maji ya kunywa, na njia ambayo mali itapita kuwafikia warithi.

Tuanze na hizo Falme za Kiarabu, kwa kuwa ndiko macho ya wengi yalikoelekea siku hizi. Mambo ya ardhi huko yako mikononi mwa kila emirati, kwa hiyo kusema "nimenunua Falme za Kiarabu" hakuelezi mengi. Dubai ilitangulia. Mwaka 2002 Sheikh Mohammed bin Rashid Al Maktoum, wakati huo mrithi wa kiti cha utawala, aliruhusu wageni kununua, na ruhusa hiyo ikapewa mwili wa sheria kwa Sheria Na. 7 ya 2006. Lakini sheria hiyo haikufungua emirati nzima. Raia wa nchi za Ghuba wananunua popote. Wengine wananunua katika maeneo yaliyotengwa tu, ama kwa umiliki wa kudumu ama kwa haki ya muda isiyozidi miaka 99. Ndiyo maana mfanyabiashara wa Kariakoo au Eastleigh, ambaye Deira anaijua kichochoro kwa kichochoro, anajua duka la vitambaa liko wapi na wakala wa mizigo yuko ghorofa ya ngapi, hawezi tu kununua fleti katika mitaa hiyo ya zamani aliyoizoea. Anaelekezwa Dubai Marina, Palm Jumeirah, Downtown, au kama mfuko ni mdogo, International City, jirani na soko la Dragon Mart ambalo nalo analijua vizuri.

Abu Dhabi ilikwenda kwa tahadhari zaidi. Sheria yake ya 2005 iliwaruhusu wageni katika maeneo ya uwekezaji, lakini kwa muda mrefu walichopata ni haki za miaka kadhaa, si ardhi yenyewe. Marekebisho ya 2019 ndiyo yaliyowapa umiliki kamili, na bado ni ndani ya maeneo hayo tu, kama visiwa vya Yas, Saadiyat na Reem. Sharjah, emirati iliyopakana na Dubai kiasi kwamba mtu huvuka mpaka bila kujua, ilianza 2014 kwa kuwapa wageni wasio Waarabu haki ya matumizi ya miaka 100 katika miradi maalum, na ikalegeza zaidi mwaka 2022. Kwa hiyo majengo mawili yanayotazamana, moja upande huu wa mpaka na jingine upande ule, yanaweza kuwa na marumaru ile ile na bwawa lile lile la kuogelea, lakini hati zikatofautiana kabisa.

Ada nazo hazifanani. Idara ya Ardhi ya Dubai hutoza asilimia 4 ya bei kwa uhamisho; Abu Dhabi hutoza asilimia 2. Katika nyumba ya bei ya juu, hiyo tofauti ya asilimia 2 ni gari. Tena kuna gharama zisizotajwa sana kwenye maonyesho: ada ya huduma ya kila mwaka, ambayo hukokotolewa kwa futi ya mraba. Mnara wenye lifti nane, ukumbi wa mazoezi na mapokezi ya saa 24 hula kodi ya pango kuliko jengo la ghorofa nne lisilo na mbwembwe. Baadhi ya mitaa hupoozwa na mtambo mmoja wa ubaridi, na mwenye fleti hulipa ada ya mtambo huo hata kama fleti ina kufuli mwaka mzima. Anayenunua ili apangishe na wapangaji wake wawe wafanyakazi wa kawaida, mara nyingi hesabu humtokea vizuri zaidi katika mitaa isiyopigwa picha.

Halafu kuna suala la majengo yanayouzwa yakiwa bado kwenye ramani. Dubai ilijifunza kwa maumivu. Bei zilipanda hadi 2008, zikaanguka. Novemba 2009 kampuni ya serikali, Dubai World, ikaomba kuahirishiwa madeni yake. Walioumia zaidi walikuwa walionunua pembezoni, katika miradi ya jangwani iliyotegemea barabara na shule ambazo zilikuwa bado hazijajengwa. Waliokuwa na fleti karibu na reli ya metro, iliyofunguliwa mwaka huo huo wa 2009, waliona bei ikishuka lakini walibaki na mpangaji. Sheria Na. 8 ya 2007 inataka fedha za wanunuzi ziwekwe katika akaunti maalum ya mradi, na hiyo ni kinga ya kweli. Lakini kinga dhidi ya mwenye mradi kutoroka na fedha si kinga dhidi ya mtaa kukosa watu. Leo Ras Al Khaimah inauzwa kwa matarajio ya hoteli kubwa ya Wynn yenye kasino inayojengwa kisiwa cha Al Marjan na inayotarajiwa kufunguliwa 2027. Huenda wanaonunua huko wakafaidi. Ila wajue wananunua tukio moja, na bei ya leo imekwisha kulila tukio hilo kabla halijafika.

Upande wa pili wa milima iko Oman, nchi ambayo kwa familia nyingi za Zanzibar si ugeni kamili. Baada ya Mapinduzi ya 1964 wengi walihamia Muscat, na hadi leo kuna nyumba huko ambamo mapishi ya asubuhi ni vitumbua na mazungumzo ni Kiswahili cha Unguja. Binamu aliyebaki Zanzibar anapotaka kununua Oman, hugundua kwamba ujamaa hausomeki katika daftari la ardhi. Tangu 2006 mgeni anaruhusiwa kununua katika miradi ya kitalii iliyotengwa: Al Mouj pale Muscat, Jebel Sifah, Hawana Salalah na mingineyo. Binamu mwenye uraia wa Oman anaweza kununua mtaa wa kawaida kwa bei nafuu zaidi. Hapo ndipo wazo huzaliwa: "Tuandike kwa jina lako, mimi nitalipa."

Nitalirudia wazo hilo mbele, kwa sababu limezivunja familia nyingi kuliko matapeli. Kwa sasa tuseme tu kwamba Salalah ni mfano mzuri wa eneo linalodanganya macho. Kati ya Juni na Septemba, msimu wa khareef, milima yake huwa ya kijani na ukungu hushuka hadi barabarani, na wageni wa Ghuba wanaokimbia joto la nyuzi 45 hujaa kila chumba. Anayekwenda kutazama nyumba mwezi Agosti hukuta mji hauna nafasi ya kuegesha gari. Aende tena Mei, ndipo ajue kodi ya mwaka mzima inatoka wapi.

Sasa tuvuke bahari turudi nyumbani, maana Mwafrika Mashariki anayenunua ugenini mara nyingi huvuka mpaka mmoja tu. Mtanzania hununua Mombasa, Mkenya hutazama Arusha au Zanzibar, Mkongo wa Goma huweka akiba yake Kampala au Kigali. Na hapa kuna dhana moja ya kuiondoa mapema. Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, imefungua mlango kwa wafanyakazi, mitaji na huduma, lakini ibara yake ya 15 inasema wazi kuwa upatikanaji na matumizi ya ardhi utafuata sera na sheria za kila nchi. Mtanzania aliyeko Kenya, kwa habari ya ardhi, ni mgeni sawa na Mwitaliano wa Malindi.

Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 65, inampa asiye raia haki ya kukodisha tu, na kwa muda usiozidi miaka 99. Kampuni huhesabiwa kuwa ya raia pale tu inapomilikiwa na raia kwa ukamilifu, kwa hiyo ile njia ya kuanzisha kampuni na mshirika mwenyeji haifui dafu. Mpaka hapo ni sheria ya nchi nzima. Mambo ya kieneo yanaanza baada ya hapo. Shamba la kilimo linapouzwa linahitaji idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi, na bodi hiyo imeamriwa na sheria kukataa mnunuzi asiye raia. Bila idhini, mauziano ni batili hata kama fedha zimekwishalipwa na mkono umepeanwa mbele ya wazee. Ekari kumi za Kilifi ndani na fleti ya Nyali ni ununuzi wa aina mbili tofauti, ingawa zote ziko "pwani". Tena marekebisho ya sheria za ardhi ya 2016 yameweka ardhi ya aina ya pekee: iliyo ndani ya kilomita 25 kutoka mpaka wa nchi kavu, na viwanja vya safu ya kwanza na ya pili kutoka ufukwe wa Bahari ya Hindi. Mgeni haruhusiwi kuigusa bila kibali cha waziri. Ukitazama ramani, utaona kwamba Lunga Lunga, Taveta na Namanga, miji ambayo Mtanzania angeifikiria kwanza kwa ukaribu wake, yote imo katika ukanda huo. Na kiwanja cha ufukweni, kile ambacho dalali hukianza nacho, kimo pia.

Kenya haiko peke yake katika hili. Mexico humzuia mgeni kumiliki moja kwa moja ndani ya kilomita 50 za pwani na 100 za mipaka. Hununua kupitia dhamana ya benki. Mataifa hulinda kingo zao, na mnunuzi hupenda kingo hizo hizo.

Ila tatizo kubwa la pwani ya Kenya halimo katika kibali. Limo katika historia. Ukanda wa maili kumi wa pwani ulihesabika kuwa milki ya Sultani wa Zanzibar, ukiendeshwa na Waingereza tangu 1895. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 ilitaka kila mwenye madai ajitokeze aandikishe. Waliojua utaratibu waliandikisha. Wengi wa Mijikenda na wengineo waliokaa na kulima kwa vizazi hawakuandikishwa, na ardhi yao ikahesabika kuwa ya serikali au ya mtu mwingine. Matokeo yake ni mwenye hati asiyekaa pale, na mkaazi asiye na hati. Mnunuzi wa leo anaweza kufanya upekuzi kwenye masjala, akakuta jina la muuzaji ni safi, halina deni wala pingamizi, kisha akafika kiwanjani akakuta nyumba sita, mwembe wa babu, na msikiti mdogo wa mabati. Karatasi haikudanganya. Haikuulizwa tu.

Mombasa kuna jambo jingine la kuangaliwa kwa karibu: nyumba bila ardhi. Katika mitaa kadhaa ya zamani mtu mmoja anamiliki nyumba, mwingine anamiliki kiwanja, na mwenye nyumba hulipa kodi ya ardhi kila mwezi au kila mwaka. Utaratibu huu umewahifadhi watu wa kipato kidogo kwa miaka mingi na wenyeji wanaufahamu. Mgeni anaonyeshwa nyumba ya Kiswahili yenye baraza, milango miwili na uwanja wa nyuma, kwa bei inayomfanya asilale. Muuzaji anamletea bahasha iliyojaa stakabadhi za zamani, zimechakaa kingo, na mgeni anadhani hizo ndizo karatasi za umiliki. Ni stakabadhi za kodi ya ardhi. Amenunua kuta na paa, na mwenye ardhi akiamua kuuza kiwanja, mazungumzo yanaanza upya na mtu ambaye hajawahi kumwona.

Zanzibar ina mambo yake, na nitaikawilia kidogo kwa kuwa kila mtu anaitamani. Ardhi si suala la Muungano. Mtu wa Bara anayepanda boti pale Dar es Salaam, akiwa hajatoa pasipoti, anashuka kwenye mamlaka yenye sheria nyingine ya ardhi, ile ya 1992, ambamo ardhi ni mali ya umma chini ya Rais wa Zanzibar. Mgeni hupata mkataba wa kukodi kwa uwekezaji, au fleti chini ya sheria ya umiliki wa sehemu ya jengo ya 2010, ambayo ndiyo iliyowezesha miradi kama ule mji mpya wa Fumba. Huko Bara nako Sheria ya Ardhi ya 1999 humfungia asiye raia kila mlango isipokuwa ule wa uwekezaji uliosajiliwa. Mkenya anayeota kibanda cha kupumzikia Bagamoyo na Mkenya anayenunua fleti Fumba wako nchi moja, lakini mmoja ana njia na mwingine hana.

Vijijini Unguja kuna desturi inayowashangaza wageni: mti unaweza kuwa na mwenyewe na ardhi ikawa na mwenyewe mwingine. Minazi kumi na miwili iliyosimama ndani ya kiwanja huenda ni urithi wa watu wanne, mmoja yuko Pemba, mmoja Dubai. Kuilipia minazi si gharama kubwa. Kuwapata wenyewe ndiyo kazi, na sheha, yaani kiongozi wa eneo, ndiye anayejua. Kiwanja ambacho sheha hakukielezea, mimi nisingekigusa.

Kisha kuna bahari yenyewe. Kaskazini, Nungwi na Kendwa, maji yana kina karibu na ufukwe na mtu huogelea karibu saa yoyote. Mashariki, Paje na Jambiani, mambo ni mengine. Wakati wa bamvua maji hutoka yakaenda mbali hadi karibu na mwamba, na uwanda mweupe hubaki wazi. Wanawake huteremka na kamba zao kushughulikia mwani, watoto hutafuta pweza, na mgeni aliyelipia chumba cha "mbele ya bahari" anatazama mchanga hadi alasiri. Paje imeifanya hali hiyo kuwa biashara, kwa kuwa upepo wa kusi na wa kaskazi pamoja na maji mafupi huwavuta wachezaji wa vishada vya baharini kutoka Ulaya. Wageni wa Paje ni vijana, hukaa muda mrefu, hutafuta vyumba vya bei ya kati. Wageni wa Nungwi ni wa hoteli. Nyumba ile ile, yenye vyumba vitatu na paa la makuti, ina wateja tofauti, bei tofauti na miezi mikavu tofauti. Wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, pande zote mbili huwa kimya, na baadhi ya hoteli hufunga kabisa.

Na maji ya kunywa? Sehemu kubwa ya mashariki na kusini mwa Unguja ni maweni, ardhi ya mawe ya matumbawe yenye udongo haba. Visima vya karibu na pwani huwa na chumvi, na kila hoteli mpya huvuta kutoka pale pale kijiji kinapovuta. Mombasa pia hutegemea maji yanayoletwa kutoka mbali, chemchemi za Mzima na visima vya Baricho, na mitaa mingi hununua maji ya boza. Swali la maji halipendezi kuuliza mbele ya mandhari nzuri. Hata hivyo ndilo linalotenga mtaa unaoweza kukaliwa na mtaa unaoweza kupigwa picha.

Uganda ni nchi ambayo mnunuzi wa mbali hudhani ni rahisi, kwa kuwa Kampala ina wauzaji wengi na bei zinafikika. Kisheria asiye raia anaweza kupata ukodishaji, usiozidi miaka 99. Lakini ukodishaji huo unatoka kwa nani? Nchi ina mifumo minne ya umiliki, na inagawanyika kimaeneo. Kaskazini, kwa Waacholi, sehemu kubwa ni ardhi ya kimila, ambayo ukoo mzima una sauti. Magharibi, Ankole na Kigezi, umiliki huru umeenea zaidi. Buganda, ambako ndiko Kampala, Entebbe, Wakiso na Mukono ziko, kuna mailo, mfumo uliozaliwa na Mkataba wa Buganda wa 1900, ambapo Kabaka, machifu na wakubwa wengine waligawiwa ardhi kwa maili za mraba, pamoja na watu waliokuwa wakiishi juu yake.

Watu hao na wajukuu wao bado wapo. Huitwa wenye kibanja. Wanalipa kodi ndogo iitwayo busuulu, na sheria inawalinda: aliyekaa bila kupingwa kwa miaka 12 au zaidi kabla ya Katiba ya 1995 hawezi kufukuzwa kwa sababu tu ardhi imeuzwa. Kwa hiyo mgeni anaweza kukodishiwa kihalali na mwenye mailo, karatasi zote zikiwa safi, na kukuta shamba la migomba lililotunzwa, nyumba ya matofali, na makaburi ya ukoo yaliyopakwa chokaa. Mwenye kibanja naye ana haki ya kuuza kibanja chake, na huuza. Pale Wakiso wapo waliolipa mara mbili kwa ardhi moja, kwanza kwa mwenye hati, kisha kwa mkaazi, na hao ndio wenye bahati kwa sababu sasa wana amani. Nikiambiwa nimshauri Mtanzania anayenunua Buganda, ningemwambia bei ya kibanja aiweke kwenye bajeti tangu siku ya kwanza, wala asiione kuwa utapeli.

Rwanda ni kinyume chake. Baada ya kazi kubwa ya usajili iliyoanza 2009, viwanja zaidi ya milioni 10 vimeingizwa kwenye daftari, kila kimoja na namba yake, na mgogoro wa nani ni mwenyewe si wa kawaida kama kwa majirani. Kigali shaka iko kwingine: mpango mkuu wa jiji unasema mtaa upi ni wa nyumba za familia moja, upi ni wa ghorofa, upi ni bonde lisilojengwa. Kiwanja cha bei rahisi kwenye mteremko huenda ni rahisi kwa sababu unachotaka kujenga hakiruhusiwi. Ng'ambo ya mpaka, Goma, mtaa wa Himbi ulio kando ya Ziwa Kivu ni mzuri kuliko mitaa mingi niliyoitaja hapa. Mlima Nyiragongo ulimwaga lava hadi katikati ya mji mwaka 2002, ukalipuka tena Mei 2021, na Januari 2025 mji ukachukuliwa na waasi wa M23. Sheria ya Kongo inasema ardhi ni ya dola na mgeni hupewa haki ya muda tu. Lakini ni nani atakayezungumzia masharti ya hati pale?

Ulaya nako mkoa una neno lake, hasa kwenye kodi. Hispania, ambako Waafrika Mashariki walioko Uingereza au Ujerumani huanza kutazama wanapokaribia kustaafu, kodi ya kununua nyumba iliyokwisha kutumika ni asilimia 6 Madrid, 7 Andalusia, na 10 au zaidi Catalonia. Kodi ya mirathi vilevile: Madrid na Andalusia huwasamehe mwenzi na watoto karibu yote, wakati mikoa mingine haiko hivyo. Uturuki ilifanya jambo lililowashtua wengi mwaka 2022, ilipofunga mitaa zaidi ya 1,000 ambamo wageni walizidi asilimia 20 ya wakaazi. Nyumba huko inaweza kununuliwa, lakini mgeni mpya hawezi kuandikishwa kuwa mkaazi wa mtaa. Mtu aliyenunua ili apate makazi amebaki na nyumba bila makazi.

Sasa lile la jina la ndugu. Kila mahali ambapo eneo linamfungia mgeni mlango, hutokea mwenyeji wa kuaminika: binamu wa Muscat, shemeji wa Malindi, rafiki wa Kampala, mke. Fedha ni za mmoja, jina ni la mwingine, na kati yao kuna karatasi iliyoandikwa sebuleni au hakuna karatasi kabisa. Mwenye jina si lazima awe mwizi ili mambo yaharibike. Inatosha afe. Wanawe hawakuwepo mlipokubaliana, kadhi au mahakama itagawa kilichoandikwa kwa jina la marehemu, na mlipaji atakuwa mtu anayedai mali ya mayatima. Inatosha pia atalikiwe, au akope benki kwa dhamana ya nyumba hiyo. Nami sioni mazingira yanayohalalisha njia hii. Kama eneo halimruhusu mgeni, basi bei yake nafuu haimhusu, na afadhali fleti ndogo katika eneo lililofunguliwa, kwa jina lake mwenyewe.

Urithi wenyewe pia hubadilika kwa eneo. Dubai, kituo cha fedha cha DIFC kimekuwa kikisajili wosia za wasio Waislamu tangu 2015. Abu Dhabi ilitunga mwaka 2021 sheria yake ya familia kwa wasio Waislamu, ambayo pasipo wosia humpa mwenzi nusu na watoto nusu. Mwislamu wa Mombasa mwenye fleti huko atarithiwa kwa misingi ya sharia, na hilo huenda ndilo alilolitaka. Hata hivyo warithi wake watatakiwa kufungua shauri kule fleti iliko, na nyaraka za ndoa na vizazi kutoka Kenya ziwe zimetafsiriwa kwa Kiarabu na kuthibitishwa. Anayejua hilo mapema huandaa jalada akiwa hai.

Mwisho kuna miaka ya hati. Mgeni aliyekuwa na umiliki huru Kenya aligeuziwa haki yake kuwa ukodishaji wa miaka 99 pale Katiba mpya ilipoanza kutumika, tarehe 27 Agosti 2010. Nyumba yake ya Diani, kwa hesabu hiyo, ina hati inayofika 2109. Leo inauzika bila shida. Reli ya kisasa ya 2017 na barabara ya Dongo Kundu vimeileta karibu na Nairobi, na mnunuzi hahesabu miaka iliyobaki. Mnunuzi wa 2080 atahesabu, na benki yake itahesabu kabla yake. Anayenunua Diani akiwa na miaka 40 kwa ajili ya uzee wake hana la kuhofia. Anayenunua kwa ajili ya wajukuu inampasa aulize tangu sasa masharti ya kuongeza muda, na gharama yake kwa ardhi ya eneo lile.